Kabla hujalala chini ya leza: maelezo ya karani wa mizani wa Newala

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Newala. Korosho zikianza kushuka mwezi wa kumi, nakaa mbele ya mizani toka asubuhi hadi giza. Nasoma kilo, naandika stakabadhi, namwita mkulima anayefuata. Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi hiyo nikiwa na miwani. Vumbi la ghala linaganda kwenye vioo, jasho linaiteremsha fremu puani, na nikiivua kuifuta simtambui hata mtu aliyesimama upande wa pili wa mizani. Msimu mmoja ilidondoka, mbeba magunia akaikanyaga. Siku hiyo kilo nilisomewa na mtu mwingine. Mzee mmoja akaniangalia kwa upole akauliza, "Mama, sasa nani anajua kama hizo kilo ni zangu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwaka uliofuata nilifanyiwa upasuaji wa leza Dar es Salaam. Tangu hapo sipiti wiki bila mtu kunipigia simu, kutoka Tandahimba, Nachingwea, hata Kilwa, kuniuliza nilifanyaje. Nimeona bora niandike. Na jambo ninalotaka likukae kichwani ni hili: mashine yenyewe inafanya kazi kwa sekunde chache, ila usalama wako uko kwenye vipimo vya kabla na matunzo ya baada. Huko ndiko usikubali kuharakishwa na mtu.

Jua kwanza unaumwa nini

Watu wengi wanaonipigia hawahitaji leza hii kabisa. Mama anaona ukungu mweupe, ana miaka sitini na tano: huyo yawezekana ana mtoto wa jicho, lenzi ya ndani imeingia ukungu, na tiba yake ni kuitoa na kuweka lenzi bandia. Mwingine ana presha ya macho, mwingine kisukari kimeshika mishipa ya nyuma ya jicho. Kuna leza za kutibu hayo mawili pia, ila ni mashine nyingine na kazi nyingine. Ninayoieleza hapa ni ya kurekebisha namba ya miwani tu.

Njia rahisi ya kujipima ni kujiuliza: nikivaa miwani ya namba sahihi, naona vizuri? Kama ndiyo, endelea kusoma. Kama hata miwani haikusaidii, nenda kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, Ligula kwa sisi wa Mtwara au Sokoine kwa watu wa Lindi, wakutazame jicho lote kabla hujawaza nauli ya Dar.

Leza inafanya nini

Mwanga ukiingia jichoni unapindwa mara mbili. Kwanza unapindwa na kioo cha jicho, ule utando angavu ulio mbele kabisa, halafu na lenzi ya ndani. Kioo ndicho kinachobeba kazi kubwa, kama theluthi mbili yake. Mwanga ukipindwa sawasawa unakutana juu ya retina, utando wa kule nyuma unaopokea picha, na unaona. Kwa sisi tusioona mbali, jicho ni refu kupita kiasi au kioo kimebinuka mno, kwa hiyo mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina. Kwa wengine jicho ni fupi, au kioo kimelala mno, na mambo yanakuwa kinyume. Wako pia ambao kioo chao hakikubinuka sawa pande zote: badala ya kuwa kama mgongo wa bakuli, kimekuwa kama mgongo wa kijiko. Hao huona taa zimevutika na herufi zina kivuli.

Leza inakichonga kioo chenyewe. Asiyeona mbali anapunguzwa katikati ili kioo kilale kidogo. Asiyeona karibu anachongwa kuzunguka pembeni ili katikati pabinuke. Mwenye kioo cha kijiko anapunguzwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Mjomba wangu alidhani ni moto. Kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito, na yeye alikuwa amekataa katakata: "Mwanangu, jicho halichomwi." Ilibidi nimweleze kama daktari alivyonieleza. Leza hii ni mwanga usioonekana, wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na kazi yake ni kukata vifungo vinavyoshika nyama pamoja, bila kuunguza nyama ya jirani. Kila pigo moja linaondoa kama robo ya mikroni, na mikroni elfu moja ndizo zinazofanya milimita moja. Mwaka 1981 watafiti watatu wa IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waliijaribu kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga waliyobakiza sikukuu, wakaona mkato safi, kingo hazikuungua. Mwaka 1983 daktari wa macho Steven Trokel akishirikiana na Srinivasan wakaonyesha kwamba inafaa kwa kioo cha jicho. Habari ya bata mzinga ndiyo iliyomlainisha mjomba. Alisema kama walianza na kitoweo, basi walikuwa waangalifu.

Namna kuu za kufanya ni tatu. LASIK, niliyofanyiwa mimi, inakata kifuniko chembamba juu ya kioo, kinainuliwa, leza inachonga chini yake, kinarudishwa bila uzi. PRK haina kifuniko: ngozi ya juu kabisa ya kioo inaondolewa, leza inachonga, ngozi inaota upya kwa siku kadhaa huku umewekewa lenzi laini ya kulinda. Inauma zaidi na kuona kunarudi polepole, lakini inamfaa mwenye kioo chembamba kidogo, au mtu ambaye kazi yake ina hatari ya kupigwa usoni, maana hakuna kifuniko cha kuteleza. Ya tatu, SMILE, inatenganisha kipande chembamba ndani ya kioo na kukivuta nje kupitia tundu dogo. Usichague kwa jina. Chagua kwa vipimo vya jicho lako.

Vipimo

Hapa ndipo nitakapokaa kirefu.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, sitakitaja, walinipokea vizuri, chai na viti vya kuzunguka. Nilikuwa nimevaa lenzi za kuweka machoni, zile laini, kwa sababu ya safari. Hakuna aliyeuliza nimezivua lini. Wakaniambia nizitoe, wakapima palepale, na kabla sijanyanyuka wakanipa tarehe: kesho saa nne. Mimi ni mtu wa mizani. Asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, naangalia mizani imesoma sifuri. Mtu akiegemeza mguu, namba itakayotoka ni ya uongo hata kama mashine ni nzima. Lenzi ya machoni inakikandamiza kioo kikabadilika umbo, na kinahitaji muda kurudi kama kilivyoumbwa: wiki moja hadi mbili kwa lenzi laini, wiki tatu au zaidi kwa lenzi ngumu. Nilikuwa nimesoma hilo. Nikawaaga.

Kituo cha pili waliniuliza hilo kabla ya jina la baba. Wakanirudisha nyumbani kwa wiki mbili nivae miwani tu.

Niliporudi vipimo vilichukua saa tatu. Wakapima namba ya miwani kwanza hivihivi, halafu tena baada ya dawa ya kutanua mboni. Dawa hiyo inakuacha huoni karibu na jua linakuumiza kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu. Wakachora ramani ya kioo, picha yenye rangi ambamo nyekundu ni palipobinuka na bluu ni palipolala. Wakapima unene wa kioo, presha ya jicho, ukubwa wa mboni gizani, wakakagua retina. Wakanipachika kikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika tano kuona machozi yanalowesha kiasi gani. Kituo kikiruka ramani au unene, ondoka. Sisemi hivyo kwa ukali, nasema hivyo kwa sababu bila hivyo viwili daktari anachonga asichokijua.

Nikamwomba daktari aniandikie hesabu ya jicho la kulia kwenye karatasi, na wewe omba hivyo hivyo. Unene wa kioo changu ulikuwa mikroni 548. Kifuniko kingechukua 110. Namba yangu ilikuwa hasi 4.25 na kijiko cha hasi 0.75. Kila dayopta moja, yaani kila namba moja ya miwani, inakula kama mikroni 12 hadi 16, kwangu jumla wakakadiria 75. Toa 110, toa 75, zinabaki 363. Madaktari hawataki zibaki chini ya 250, na wangu alisema yeye hapendi kushuka chini ya 300. Kioo kikibaki chembamba mno kinaweza kulegea na kutuna mbele miaka ya baadaye, na hapo kuona kunaharibika kuliko mwanzo. Niliposoma 363 ndipo nilipotulia moyo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nilimpeleka mwaka uliofuata. Ana miaka ishirini na miwili, na tangu utotoni macho yanamwasha, anayafikicha kwa ngumi asubuhi na jioni. Ramani yake ilionyesha doa jekundu chini ya katikati. Daktari akaisogeza skrini tuione wote, akasema kioo kinachongoka, kinakuwa kama pia, na mtu wa namna hiyo hachongwi kwa leza hata awe na fedha kiasi gani. Alilia toka kituoni hadi tunafika Mbagala. Lakini kipimo kile ndicho kilichomwokoa. Alitibiwa kwa dawa ya vitamini B2 inayodondoshwa juu ya kioo na kumulikwa mwanga wa urujuanimno ili kioo kikaze kisiendelee kuchongoka, na sasa anavaa lenzi ngumu, anasoma chuo. Angeangukia pale nilipopewa tarehe ya kesho, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Wengine wanaoweza kuambiwa hapana, au subiri kwanza: aliye chini ya miaka 18, ambaye namba yake imebadilika zaidi ya nusu dayopta ndani ya mwaka, kwa hiyo beba karatasi za miwani ya zamani, mjamzito na anayenyonyesha, maana jicho hubadilika kipindi hicho, mwenye macho makavu sana, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au maradhi ya kinga kama lupasi, mwenye kovu kwenye kioo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uliza bei hiyo ni ya jicho moja au mawili, kama vipimo, dawa na kuonwa baadaye vimo ndani, na kama utalipia tena iwapo leza itahitaji kurudiwa. Bima yako iulize mapema, kwa maandishi.

Lini uende

Mtu wa Dar haimsumbui. Sisi inatusumbua. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane mashamba yanapulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alfajiri hewa yote ina ule unga wa njano, na hata jicho zima linawasha. Jicho lililotoka kuchongwa usilirudishe humo. Mwezi wa kumi ghala linafunguliwa, vumbi la magunia. Masika barabara ya kwenda Dar haiaminiki: Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata pale Somanga, Kilwa, watu wakakwama njiani. Na wewe unatakiwa kuonwa kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu. Mimi nilikwenda mwishoni mwa Agosti, salfa imekwisha na ghala bado. Nikakaa kwa shangazi Mbagala siku kumi, sikurudi Newala hadi nilipoonwa mara ya pili.

Siku yenyewe

Kula. Usipake manukato, mafuta ya uso wala wanja. Harufu kali inaisumbua leza. Vaa nguo ya vifungo mbele usiivute kupitia kichwani baadaye. Hakuna sindano, ni matone ya ganzi. Kope zinashikwa na kibano kidogo ili usipepese, kwa hiyo hofu ya kufumba katikati iondoe. Wakati wa kukata kifuniko kuna kitu kinalibana jicho, na kila unachokiona kinafifia kuwa kijivu. Hapo ndipo nilipoogopa. Muuguzi alinishika kiganja, akaniambia, "Dada, inapita," na ikapita. Halafu unatazama taa inayometameta. Inasikika tatatata, na kuna harufu kama unywele ulioungua, ingawa jicho haliungui. Mashine inalifuata jicho. Likihama mbali inasimama yenyewe. Jicho langu la kulia halikufika sekunde 15. Yote mawili, na maandalizi, nusu saa haikutimia.

Nilitoka naona kama niko ndani ya maji. Kwa saa tano macho yaliwasha kama yametiwa mchanga, machozi yakashuka, nikalala. Usiku niliamka, vikinga vya plastiki vimebandikwa usoni, taa ya barabarani inaingia dirishani. Nikayaona matundu ya chandarua, moja moja. Nililala nayatazama.

Baada ya hapo

Dawa nilizopewa ni tatu: ya kuzuia vijidudu, ya kutuliza uvimbe, na machozi bandia. Nilichora jedwali kama la stakabadhi, saa upande mmoja, dawa upande mwingine, kila tone nikaweka alama. Nawa mikono kwa sabuni. Ncha ya chupa isiguse kope. Kati ya dawa na dawa subiri dakika tano, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Ile ya kutuliza uvimbe usiiongeze siku kwa hiari yako hata ukiona inakupendeza, kwa sababu ikitumika muda mrefu inapandisha presha ya jicho.

Usifikiche jicho. Kifuniko kinashika chenyewe, hakikushonwa, na kidole kimoja kinatosha kukisogeza. Ndiyo maana usiku unalala na vikinga, walau wiki moja. Oga kuanzia shingoni, uso ufute kwa kitambaa safi chenye unyevu. Bahari, mto na bwawa viache hadi daktari akuruhusu. Wangu alisema mwezi mzima. Kaa mbali na moshi wa kuni, mtu mwingine apike. Na kwa sisi wabanguaji: maji ya ganda la korosho yanababua ngozi ya kiganja, sembuse jicho. Mwezi ule sikugusa korosho mbichi kabisa.

Bibi yangu alikuja na maziwa ya mama katika kikombe, ya mkwe wa jirani aliyejifungua, ili anidondoshee. Alitembea na kijiti chake toka mtaa wa pili kwa ajili yangu. Nilimwambia, "Bibi, shikamoo, nashukuru sana. Hili jicho lina kidonda, nimekatazwa kitu chochote isipokuwa dawa hizi. Naomba uniombee tu." Akaniombea. Maziwa, asali, maji ya majani, mate, vyote hivyo vinaingiza vijidudu kwenye kidonda kibichi, na kovu juu ya kioo haliondolewi kwa miwani. Kataa kwa heshima, lakini kataa.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, kuona kukishuka ghafla, tongotongo zito likitoka, au ukipigwa jichoni, usisubiri basi la kesho. Nenda kliniki ya macho iliyo karibu siku hiyo hiyo na karatasi zako, na mpigie aliyekufanyia azungumze na daktari aliyepo hapo.

Tegemea pia mambo haya mawili, usije ukadhani umeharibika. Macho yatakuwa makavu kwa miezi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya kioo imekatwa na inachukua muda kuota. Machozi bandia niliyatumia hadi mwezi wa tano. Na usiku taa zitakuwa na duara la mwanga. Mimi bodaboda zilikuwa zinakuja na jua dogo mbele. Kufikia mwezi wa nne zilibaki taa za kawaida, ingawa kuna watu ambao duara haliishi kabisa, na dereva wa masafa ya usiku alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Na leza haizuii umri. Nina miaka thelathini na minane. Daktari alinieleza mapema kwamba baada ya arobaini lenzi ya ndani inakakamaa, na nitahitaji miwani ya kusomea stakabadhi kama mtu mwingine yeyote. Nimekubali.

La mwisho ni karatasi. Siku utakayoonwa mara ya mwisho, dai nakala ya vipimo vyote vya kabla ya upasuaji: namba, ramani, mbinuko wa kioo, unene. Ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, daktari atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi bandia, na kioo kilichochongwa kinaidanganya hesabu hiyo. Vipimo vya zamani ndivyo vinavyomsaidia kuisahihisha. Yangu iko ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na hati ya shamba, na mdogo wangu anajua ilipo.